Voili, leso, viskosi au shifoni? Vitambaa vya Kampala vya kushonea joho jepesi bila pateni

Joho jepesi la kuvaa juu ya nguo ya kuogelea ni mstatili uliokunjwa mara moja. Halina zipu, halina dati (ile mikunjo ya kubana kifua na kiuno), halina mkono wa kuchongwa na kuunganishwa begani. Ndiyo maana halihitaji pateni, ile karatasi ya kukatia nguo, na ndiyo maana fundi anayelipisha kazi hii kama anashona gomesi, lile vazi kubwa la kinamama wa Uganda, anakudai pesa ya bure. Kazi ngumu imeshafanyika kiwandani, pale kitambaa kilipofumwa. Ukichagua vizuri, mchana mmoja unatosha kulimaliza. Ukichagua vibaya, hata cherehani ya bei kubwa haitakuokoa.

Hapa tunapima vitambaa vitano vinavyopatikana kwa urahisi Kampala, hasa Kiyembe na soko la Owino: voili ya pamba, viskosi, shifoni, kitenge cha nta na leso. Vinne vya kwanza tumevipima kwa joho lile lile. Leso ina mkato wake, na tutaueleza mahali pake. Cherehani tuliyoifikiria ni ile ya kuzungusha kwa mkono, inayoshona mshono ulionyooka tu, kwa sababu ndiyo iliyoko nyumbani kwa wengi na haijali umeme ukikatika.

Joho lenyewe

Chukua kitambaa chenye upana wa sentimita 112, yaani inchi 44. Nunua yadi 3. Uliza mapema kama duka linapima kwa yadi au kwa mita, kwa sababu yadi ni sentimita 91 na kidogo. Yadi 3 ni mita 2.74, si mita 3, na bei mbili zinazofanana zinaweza kuwa za urefu tofauti kabisa. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kurudi sentimita 3 hadi 5 katika kila mita, kwa hiyo usikate kabla ya kufua, kuanika na kupiga pasi.

Baada ya kufua, nyoosha ncha: vuta uzi mmoja unaokwenda upande hadi upande, kisha kata ukifuata njia iliyoachwa na uzi huo. Ncha iliyokatwa kwa macho mara nyingi huwa imekwenda mshazari, na joho litaning'inia chini upande mmoja hata ukipinda vizuri namna gani. Sasa kata kipande cha sentimita 204. Kinachobaki, karibu nusu mita, kiweke. Ni cha kuzungushia shingo.

Kunja kipande hicho katikati ili mkunjo uwe begani na kingo mbili za kiwandani ziwe kushoto na kulia. Hapa ndipo penye faida ya upana wa 112: kingo hizo hazitoi nyuzi, kwa hiyo zinakuwa mdomo wa mikono bila pindo lolote, na mkono unashuka kupita kiwiko kidogo. Kutoka mkunjoni acha sentimita 28 wazi kwa ajili ya mkono. Kuanzia hapo shona kushuka, sentimita 1.5 kutoka ukingoni, uache sentimita 20 za mwisho bila kushona ili mguu upate nafasi ya kupiga hatua. Mwanzo na mwisho wa mshono rudi nyuma mara tatu, kwani ndipo panapochanika kwanza mtu akivua nguo ikiwa imelowa. Mzunguko unabaki kama sentimita 218, unaomtosha hata mwenye nyonga za 130 na bado joho likacheza na upepo.

Duka likiwa na kitambaa cha upana wa sentimita 150 tu, nunua yadi 2 na nusu. Kata utepe wa sentimita 38 kwa urefu wote upande mmoja. Ndio utakaotoa vipande vya shingo. Upande huo utakuwa umepoteza ukingo wake, kwa hiyo utaupinda kwa mkono.

Shingo ndiyo sehemu pekee ya kuogopa. Tafuta katikati ya mkunjo, pima sentimita 9 kila upande, na kwa nyuma chimba kidogo, sentimita 2 tu. Kwa mbele kata tabaka la juu peke yake, katikati, kutoka chini hadi mkunjoni. Kisha kutoka alama iliyo sentimita 25 chini ya mkunjo, kata mshazari kwenda kwenye zile alama za 9. Kosa linaloharibu majoho mengi ni mkasi kushika tabaka zote mbili. Ingiza kipande cha kartoni katikati na hilo haliwezi kutokea. Ukishakata, usikishike kitambaa kwa shingo na usikitundike. Mkato wa mshazari hunyumbuka kwa uzito wake wenyewe, na shingo iliyonyumbuka haitalala tena kifuani. Piga mstari wa mshono milimita 5 kutoka kwenye mkato mara moja, kabla ya jambo lingine lolote.

Kile kipande kilichobaki kikate tepe nne za mshazari (tano kwa ule utepe wa sentimita 38), kila moja sentimita 3 kwa upana. Ukiziunganisha utapata urefu wa kutosha ule mdomo wote wa mbele na shingo, ambao ni karibu sentimita 230. Anza na pindo la chini, sentimita 1 ndani ya sentimita 1, ndipo uzungushe utepe. Utepe wa dukani uliokwisha kukunjwa tunaushauri kwa magauni mazito tu. Kwenye kitambaa chepesi husimama kama kadibodi na kuvuta kifua mbele.

Voili ya pamba

Hiki ndicho kitambaa cha kazi hii. Kimefumwa kwa uzi mwembamba uliosokotwa sana, kinapitisha hewa, kinakauka haraka, na kina ule ugumu mdogo unaomsaidia anayeanza: ukikikunja kinakaa ulipokikunja. Kinyooshe mezani, pitisha kiganja juu yake; kikitulia pale pale bila kukimbia, umeshapata rafiki.

Shida iko dukani. Neno "voili" linabandikwa kwenye poliesta nyingi, na kitambaa cha madera kinaweza kuwa pamba, viskosi au poliesta bila mtu kukuambia. Omba nyuzi mbili tatu kutoka kwenye ncha, toka nje uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, inanukia karatasi, na jivu lake ni laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Poliesta hujikunja mbali na moto, inayeyuka, na kuacha kipunje kigumu cheusi kisichopondeka kwa kucha. Viskosi huwaka kama pamba, kwa hiyo moto hautakusaidia kuzitenganisha. Lowesha uzi kwa mate na uuvute. Wa viskosi hukatika kwa urahisi, wa pamba hushikilia. Mwuzaji anayekukataza kufanya hivyo, mshukuru na uende duka linalofuata.

Jambo jingine: sugua kitambaa kwa nguvu kati ya vidole juu ya nguo nyeusi. Unga mweupe ukidondoka, ule uzito uliokuvutia ni wanga tu, na baada ya kufua utabaki na kitambaa kama chandarua. Kiinue pia kuelekea mwangani. Ukiona vidole vyako vizima kupitia kitambaa, na jua litapita vivyo hivyo. Entebbe na visiwa vya Ssese, kwenye Ziwa Viktoria, viko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita mchana halina mwezi wa kupumzika; kwa matumizi ya pale chagua voili iliyofumwa kwa kubana zaidi au rangi ya kukolea, na kivuli bado kinahitajika.

Kwenye cherehani, tatizo la kwanza ni sindano. Iliyofungwa humo mara nyingi ni namba 14 au 16, iliyowekwa kwa kushona sare za shule, na hiyo hutoboa voili matundu yanayobaki hata baada ya kufua. Weka namba 9, ukiikosa, 11. Iwe mpya. Sindano butu haitoboi kitambaa hiki, inavuta uzi wake mmoja na kuacha mchirizi unaong'aa katikati ya mgongo, na mchirizi huo haurudi. Uzi wa poliesta wa 40/2 unatosha, mshono uwe wa milimita 2 hivi. Mshono ukijikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia, mkazo wa uzi wa juu umezidi. Legeza kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kipande, mpaka mshono ulale.

Tatizo la pili ni mwanzo wa mshono, pale kitambaa kinapomezwa kwenye tundu la bamba. Usianzie kwenye ncha kabisa; anza sentimita 1 ndani kisha urudi nyuma, na nyuzi zote mbili zishike kwa nyuma ya mguu wa cherehani mpaka mishono mitatu ya kwanza ipite. Ikikataa bado, weka chini yake karatasi nyembamba isiyo na wino, ushone juu yake, kisha uichane. Gazeti lisitumike. Wino wake unahamia kwenye voili nyeupe.

Kasoro tuliyoiona kwenye voili yenyewe ni moja: kingo za kiwandani wakati mwingine hubana kuliko kitambaa kilichobaki, na upande wa joho unavutika juu. Zipasue vipasuo vya milimita 3 kila baada ya sentimita 5 ndani ya mshono, zitalegea. Kwenye mdomo wa mkono usipasue. Piga pasi ya mvuke ukivuta taratibu. Kwa wanaotumia pasi ya makaa, futa chini yake kwa kitambaa kilicholowa kila unapoirudisha, na weka kitambaa safi kati ya pasi na joho. Cheche moja ya sigiri inatoboa voili kabla hujaiona.

Uamuzi wetu: nunua hiki.

Viskosi

Viskosi ina kitu ambacho voili haina: inaanguka. Ukisimama kwenye upepo wa ziwa inatiririka mwilini kama maji, na rangi zake zinakolea vizuri. Aliyekwisha kushona nguo mbili tatu ataifurahia.

Anayeanza itamliza. Inateleza mezani, na mstari uliochora ukiwa umenyooka unakuta umepinda baada ya kukata. Ilowapo inapoteza nguvu nyingi, jambo baya kwa nguo ambayo kazi yake ni kuvaliwa juu ya mwili uliolowa. Ndiyo maana mishono yake huchanika kwapani kwanza. Na inarudi zaidi ya pamba ikifuliwa mara ya kwanza, hivyo ongeza robo mita unaponunua.

Dawa ya kuteleza ni wanga. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka uji uwe mwangavu, uache upoe. Chovya kitambaa kilichokwisha kufuliwa, kamua bila kusokota, anika, piga pasi kikiwa na unyevunyevu. Kinakuwa kama karatasi. Kata, shona, na ufuaji wa kwanza utaondoa wanga wote. Wanga huohuo unafaa kwa voili iliyo nyepesi mno.

Kabla ya kupinda chini, shingo ikiwa imeshapigwa ule mstari wa mshono, tundika joho la viskosi usiku kucha. Asubuhi utakuta sehemu za pembeni zimeshuka kuliko katikati. Zisawazishe kwanza kwa kupima kutoka sakafuni, ndipo upinde. Ukiruka hatua hii, utafanya kazi hiyo baada ya wiki mbili, ukifumua.

Shifoni na kitenge

Shifoni inayouzwa kwa wingi ni poliesta. Inapendeza kwenye picha, inakauka upesi, na kwa ngozi yenye jasho ni mateso, kwa sababu poliesta hainyonyi kitu. Kuishona kwa cherehani ya mkono inawezekana kwa sindano namba 9 na mshono wa mara mbili: shona kwanza pande za ndani zikitazamana, milimita 5, punguza ubakie milimita 3, geuza, kisha shona tena milimita 7 ili ncha zifungiwe ndani. Ni mshono mzuri wa kuujua, lakini shifoni inaudai kila mahali, hata pale ambapo voili inakuachia ukingo wake. Pasi ikizidi moto kidogo, inanata. Hatuipendekezi kwa mtu anayeshonea nyumbani.

Kitenge cha nta ni kitambaa bora kwa sketi na gauni, na hapa hakifai. Kinasimama begani kama sanduku, na kikilowa kinakuwa kizito. Basi.

Ukipita Owino kwenye mivumba, yaani mitumba, usiyapite mashuka ya zamani. Shuka la pamba lililofuliwa mara mia limeshamaliza kurudi na limelainika kuliko kitu chochote kipya. Tafuta lebo kwenye pindo. Ikiwa imekatwa, rudi kwenye kiberiti. Shikilia katikati ya shuka kuelekea mwangani, kwa sababu hapo ndipo watu hulala na ndipo nyuzi huchakaa. Mapazia ya wavu tuliyaacha. Mengi ni poliesta, na yale yaliyokaa dirishani miaka mingi jua limeshayala, yanachanika ukiyavuta.

Leso

Leso, au lesu kama wengi wanavyoita Kampala, tumeiweka mwisho kwa sababu haifuati mkato ule wa juu. Ni nzito kidogo kuliko voili, na hilo ndilo pungufu lake la pekee la maana. Kwa mengine yote inavishinda vitambaa vingine kwa urahisi wa kushona, na asiye na cherehani kabisa anaweza kuishona kwa mkono.

Huuzwa mbili zikiwa zimeungana, doti moja, kila kipande kama sentimita 150 kwa 110. Kingo zake za kiwandani ziko kwenye pande ndefu. Ni pande fupi tu zinazotoa nyuzi. Kwa hiyo ilaze kwa upana: sentimita 150 zipite mkono hadi mkono, sentimita 110 zishuke kutoka begani hadi chini ya goti. Pindo la chini tayari limekwisha, na la begani pia.

Fua doti kwanza, peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Leso nyekundu na nyeusi zinaweza kuchukua maji matano. Kuna ushauri wa kuloweka kwa chumvi ili rangi ishike. Chumvi haitashikisha rangi ambayo kiwanda hakikuishikisha. Kinachosaidia ni kuendelea kusuuza na kutoichanganya na nguo nyeupe. Wanga wa dukani utatoka pia, na kitambaa kilichokuwa kama karatasi kitalegea.

Kipande cha kwanza ni mgongo, kisiguswe. Cha pili kikunje katikati, sentimita 75 kila upande, ukate kwenye mkunjo: ndizo mbele mbili. Pinda pande zote zilizokatwa, sentimita 1 ndani ya sentimita 1, kwa mbele na pembeni. Kisha weka mgongo na mbele zikitazamana kwa ndani, uzishone begani sentimita 1 kutoka ukingoni, ukiacha katikati sentimita 22 kwa ajili ya shingo. Hakuna kukata shingo, hakuna utepe. Mbele zitajikunja zenyewe kutengeneza kola ndogo. Zipige pasi zilale hivyo. Pembeni, acha sentimita 30 kutoka begani, kisha shona kushuka mpaka sentimita 25 kabla ya mwisho.

Kwa mkono, tumia uzi uliokunjwa mara mbili, mishono ya milimita 3, na kila baada ya mishono mitano rudi nyuma mmoja. Begani rudi nyuma kila mshono. Bega hubeba nguo nzima.

Angalia pindo la leso, ule mstari wa rangi unaozunguka, kabla ya kushona bega. Viwanda havichapi sawasawa kila mara, na pindo la mgongo linaweza kuwa na sentimita 2 zaidi ya lile la mbele. Ukilinganisha kwa ukingo wa kitambaa, mistari itapishana begani na kila mtu ataiona. Linganisha kwa mstari wa rangi, na tofauti ifie ndani ya mshono.

Kuhusu maneno: kwenye leso ya mbele mkasi utapita katikati ya jina, ule msemo uliochapwa, nusu ya sentensi ibaki kushoto na nusu kulia, zikutane tu ukilifunga joho. Wasiopenda hivyo hugeuza kipande hicho juu chini kabla ya kukata, maneno yakaishia begani, ambako mkunjo wa kola unayameza. Ya nyuma hayafichiki. Yatakaa wima, yamenyooka, juu kidogo ya pindo la chini, na kila anayekufuata kutoka majini atayasoma. Fungua doti dukani uyasome mwenyewe kabla ya kulipa.